Ghala ya Mtakatifu Augustino

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Ujanani aliiba matunda ya jirani pamoja na wenzake, akamliza mamaye Monika miaka mingi, hata alipobatizwa Milano mwaka 387. Mwaka huohuo Monika akafariki. Yapata miaka kumi baadaye, akiwa Askofu wa Hippo, alianza kuandika Maungamo. Hakuuficha wizi ule wala machozi ya mama; aliyatoa yote katika ghala ya kumbukumbu, akayaweka mbele ya Mungu, yakawa sala. Alifariki mwaka 430, mji wake umezingirwa na Wavandali. Nasi tushikao kalamu tusiyazike yaliyopita: humo ndimo alimotutafuta Mungu tulipokuwa tukimkimbia.