JOHN AKII-BUA, MKIMBIAJI WA UGANDA

Katika gazeti letu hili zimekwisha kuandikwa habari za wapigania uhuru na za waandishi mashuhuri, lakini habari za wanamichezo ni chache. Muhula huu napenda kuwasimulia wenzangu maisha ya John Akii-Bua wa Uganda, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio zilizo fupi kuliko mita 800. Sisi wa Masasi na Newala twalijua sana jina la Idi Amin kwa sababu ya Vita vya Kagera; jina la Akii-Bua wengi hatulijui, ingawa watu hawa wawili waliishi katika nchi moja na wakati mmoja, na mmoja alimharibia mwenzake kazi.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake 8 na watoto 43, yaani nyumba hiyo moja ingeweza kutoa timu tatu za mpira, na wachezaji wa akiba wakabaki. Alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa huko. Baba alipofariki masomo yake yalikatika, na baadaye akajiunga na polisi mjini Kampala. Huko polisi ndiko alikoonekana kuwa ana mbio. Mwalimu wake wa riadha alikuwa Mwingereza, Bwana Malcolm Arnold, naye ndiye aliyemtia katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi.

Ndugu msomaji, mbio hizo si mzaha. Viunzi ni 10, na kimo cha kila kimoja ni sentimita 91 hivi. Kati ya kiunzi na kiunzi pana mita 35, na mkimbiaji hana budi kuhesabu hatua zake ili afike mbele ya kiunzi kwa mguu ule anaotaka kuutanguliza. Akichoka, hatua zinafupika, hesabu inaharibika, naye hujikuta amefika kwa mguu mwingine. Akii-Bua alijizoeza kuruka kwa mguu wo wote, wa kulia au wa kushoto, kwa hiyo hesabu ikiharibika yeye hakuharibika nayo. Kadhalika alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana iliyotiwa uzito wa ratili 25 hivi, akiruka viunzi virefu kuliko vya mashindano. Wazee wetu waliokuwa wakipanda na maji vichwani kutoka bondeni hadi Newala wangemwelewa vizuri.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika michezo ya Jumuiya ya Madola akawa wa nne. Kisha ikaja Olimpiki ya Munich, Ujerumani, mwaka 1972. Katika fainali ya tarehe 2 Septemba alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji hawaipendi kwa sababu kona yake ni kali kuliko zote. Pamoja naye alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Hemery alitoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua alimfuata, akamkamata walipokuwa wakiingia sehemu ya mwisho, akampita, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hapakuwa na mtu aliyepata kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili na Hemery wa tatu. Akii-Bua hakusimama; aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi ambavyo havikuwapo.

Siku tatu baadaye wanamichezo na walimu wa Israeli walitekwa katika kijiji cha Olimpiki, wakafa 11, na furaha ya michezo ile ikaingia giza.

Nyumbani Amin alimpandisha cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini tangu Amin alipotwaa serikali mwaka 1971, Walango na Waacholi wengi walikuwa wakiuawa, hasa waliokuwa jeshini na polisi. Basi mtu huyu alipewa zawadi na mkono ule ule uliokuwa ukiwamaliza watu wa kabila lake. Wako wanaouliza kwa nini hakukimbilia nchi nyingine mapema. Mimi naona ni rahisi kuuliza hivyo ukiwa umekaa bwenini. Yeye alikuwa na ndugu makumi waliobaki nyumbani.

Mwaka 1973 alishinda tena katika michezo ya Afrika huko Lagos. Mwaka 1976 ilikuwa zamu ya Montreal, Kanada. Nchi nyingi za Afrika, Uganda na Tanzania zikiwamo, zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikufukuzwa. Filbert Bayi wetu naye hakukimbia. Sisemi kwamba kususia kulikuwa kosa, maana watoto wa Soweto walikuwa wamepigwa risasi mwezi mmoja tu nyuma. Nasema tu kwamba Edwin Moses wa Marekani alishinda mbio za Akii-Bua kwa sekunde 47.63, akaivunja rekodi yake, na mwenye rekodi hakuwapo uwanjani kuitetea.

Majeshi ya Tanzania yalipoikaribia Kampala mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya na jamaa yake, bingwa wa Olimpiki akakaa katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo alivaa viatu vyake, ilimsaidia kwenda Ujerumani. Mwaka 1980 alikimbia Moscow akiwa na miaka 30, lakini hakuingia fainali. Baadaye alirudi Uganda, akawa polisi tena na mwalimu wa riadha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, mkewe akiwa amemtangulia, akazikwa kwa heshima za taifa.

Uganda ilingoja dhahabu nyingine ya Olimpiki kwa miaka 40, mpaka mwaka 2012 huko London, Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni. Yeye alikuwa askari wa magereza.