Matateu, kaka aliyetangulia kuvuka mpaka

GIHOSHA, Bujumbura – Vijana wanaocheza mpira Gihosha wanamjua Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura aliyepitia Yanga ya Dar es Salaam na Afrika Kusini kabla ya kufika Ulaya, kisha akaichezea timu ya taifa ya Kongo. Wanamjua pia Saido Berahino, mzaliwa wa jiji hilohilo, aliyevaa jezi ya vijana wa Uingereza kabla ya kuichezea Burundi. Wachache wamesikia habari za mmoja wa waliowatangulia katika njia hiyo.

Sebastião Lucas da Fonseca, maarufu kwa jina la Matateu, alizaliwa tarehe 26 Julai 1927 Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Mwaka 1951 klabu ya Belenenses ya Lisbon ilimsajili. Mwaka huohuo Ureno iliacha kuyaita makoloni yake makoloni, ikayaita mikoa ya ng'ambo. Jina lilibadilika, lakini sheria iliyowanyima Waafrika wengi uraia kamili ilidumu hadi 1961.

Chema chajiuza, nacho kipaji cha Matateu hakikuhitaji dalali. Msimu wa 1952/53 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 29. Msimu wa 1954/55 alirudia kwa mabao 32, na Belenenses ikafika siku ya mwisho ikiwa imebakiza hatua moja kutwaa ubingwa. Zikiwa zimesalia dakika chache, Sporting ilisawazisha, 2-2, na kombe likaenda Benfica.

Wakati huo mdogo wake, Vicente Lucas, alikuwa ameshamfuata klabuni hapo, mwaka 1954. Kaka alifunga, mdogo akazuia. Mwaka 1960 walitwaa pamoja Kombe la Ureno.

Matateu aliichezea Ureno mechi 27 na kuifungia mabao 13. Hata hivyo, nchi hiyo haikufuzu Kombe la Dunia hadi 1966, naye alikuwa ameshatoka kwenye timu ya taifa tangu 1960. Aliyekwenda ni Vicente, pamoja na Wamsumbiji wengine watatu: Eusébio, Hilário na nahodha Coluna. Huko Liverpool, Ureno iliifunga Brazil 3-1, na Vicente ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumkaba Pelé. Pelé aliumizwa na beki mwingine, Morais; Vicente alisifiwa kwa kukaba bila rafu. Ndiyo maana, nje ya Ureno, mdogo mtu ndiye anayetajwa kila fainali zile zinapokumbukwa.

Sifa hiyo haikumpa Vicente maisha marefu uwanjani. Baadaye mwaka huohuo ajali ya gari ilimjeruhi jicho na kukatisha soka lake.

Kaka yake aliendelea. Alikuwa ameondoka Belenenses mwaka 1964, akahamia Atlético ya Lisbon, kisha klabu ndogo zaidi, na mwishowe Kanada, akicheza hata baada ya kupita miaka 40. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, alikuwa na miaka 47. Hakuwahi kuvaa jezi ya nchi aliyozaliwa. Alifariki Kanada tarehe 27 Januari 2000.

Mfanyabiashara anayepita Kobero au Gatumba anajua uzito wa cheti cha uasilia. Bila karatasi hiyo, mali iliyolimwa nyumbani inaweza kutozwa ushuru kama ya kigeni. Mabao 13 ya Matateu yaliandikwa kwa jina la Ureno, na yataendelea kuhesabiwa huko. Nonda na Berahino angalau walikuwa na nchi huru za kuchagua. Yeye, alipovuka mpaka mwaka 1951, hakuulizwa angependa kuichezea nchi gani.