Benjamin Franklin Atafuta Wazee Wake

Benjamin Franklin alizaliwa Boston mwaka 1706, wakati Marekani ilipokuwa ikitawaliwa na Uingereza. Baba yake, mtengenezaji wa mishumaa, alihamia huko mwaka 1683 kutoka Uingereza. Alikuwa mwenyeji wa kijiji cha Ecton.

Mwaka 1758 Franklin alikwenda Ecton na mwanawe William kutafuta asili yao. Kasisi aliwaonyesha kitabu cha kanisa, kilichoanza mwaka 1555. Humo Franklin aliona kwamba yeye ni mwana wa kiume wa mwisho, wa baba aliyekuwa wa mwisho, hata vizazi vitano.

Makaburini mawe yalikuwa yameota kuvu. Peter, mtumwa wa Franklin, aliyasugua kwa maji na burashi, majina yakasomeka, naye William akayanakili. Twamkumbuka sana Peter huyo, kwa kuwa watumwa wengi wa Marekani hawakuandikiwa wazee wao kitabuni.

Mwaka 1787 Franklin akawa rais wa chama cha kupinga utumwa huko Pennsylvania. Alifariki mwaka 1790.

Basi, wazazi wenzetu, tumpapo kasisi majina ya ubatizo, tuyataje yote kwa usahihi. Wajukuu watayatafuta.