John Tyndall na bakteria wasiokufa kwa kuchemshwa

Mama au mlezi, wali ulioiva vizuri asubuhi unaweza kuharibika jioni hata kama umeufunika. Maisha ya John Tyndall yatakusaidia kuelewa sababu.

Tyndall alizaliwa mwaka 1820 huko Leighlinbridge, Ireland. Alianza kazi kama mpima ardhi, akasoma Ujerumani, na mwaka 1853 akawa profesa wa fizikia katika Royal Institution, London.

Mwaka 1876 alichemsha supu kwa dakika 5 na kuziweka mahali pasipo vumbi. Hazikuharibika. Baadaye nyasi kavu za zamani zililetwa katika maabara yake. Tangu hapo supu zilianza kuoza, nyingine hata baada ya kuchemshwa kwa saa kadhaa. Alipohamishia kazi yake Kew, mbali na nyasi zile, supu zilikaa salama tena.

Tyndall alitambua kwamba baadhi ya bakteria huwa na hali ya kulala, inayoitwa spora. Spora ni kama mbegu yenye ganda gumu: maji yanayochemka huenda yasiiue. Chakula kikipoa na kubaki vuguvugu, spora huamka na bakteria huongezeka. Mwaka huo huo wa 1876, Mjerumani Ferdinand Cohn naye alieleza spora za bakteria wa nyasi.

Mwaka 1877 Tyndall alionyesha njia ya kuchemsha, kusubiri spora ziamke, kisha kuchemsha tena, mara kadhaa. Alifariki mwaka 1893. Leo viwanda vya vyakula vya makopo hutumia mvuke wenye shinikizo, kwenye nyuzi joto 121 hivi za Selsiasi.

Njia ya Tyndall ni ya maabara, usiitegemee jikoni. Bakteria wengine huacha sumu kwenye chakula, hasa wali, na kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo:

- Pika kiasi kinachotosha, mtoto ale kikiwa kipya.
- Kinachobaki kiweke kwenye friji ndani ya saa 2. Kama huna friji, usimwekee mtoto kiporo.
- Usimpe asali mtoto aliye chini ya miezi 12. Inaweza kuwa na spora zinazoamka tumboni mwake na kutoa sumu.

Mtoto mchanga akikosa choo, akinyonya kwa udhaifu, akilia kwa sauti hafifu au akilegea mwili, mpeleke kituo cha afya mara moja.