Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyetaka kujua kabla ya kukata

Sisi tuliosomea uhamishoni Uganda tulilisikia jina la Burkitt tukiwa bado shuleni, kwa sababu ya saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Sasa nafundisha baiolojia hapa Gisenyi, na kila nikimtaja, wanafunzi huishia hapo kwenye taya. Lakini nusu ya pili ya kazi yake inatuhusu zaidi sisi watu wazima, hasa wale wanaoshinda Petite Barrière kwa chai na mandazi tangu alfajiri. Ni habari ya vinyama na saratani za utumbo mpana.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, ambaye saa za mapumziko aliwavisha ndege pete miguuni ili ajue kila mmoja anaishi wapi. Nadhani mtoto alirithi hapo tabia ya kuhesabu na kuchora ramani. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe akapoteza jicho la kulia. Huko Dublin alianza na uhandisi, akauacha, akahitimu udaktari mwaka 1935. Alipoomba kazi katika utumishi wa kikoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ikamfikisha Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapokelewa Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago.

Mwaka 1957, hapo Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye akamwona mwingine Jinja. Mpasuaji mwingine angekata na kuendelea na foleni. Yeye alianza kufukua kumbukumbu za hospitali. Oktoba 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari kuukuu aina ya Ford wakashuka hadi Afrika Kusini, safari ya wiki 10 na kilomita 16,000 hivi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana. Katika nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Penye joto, mvua na malaria nyingi ulikuwepo. Vipande alivyompelekea Anthony Epstein mjini London ndivyo vilivyowezesha kugunduliwa kwa kirusi mwaka 1964. Naye, ingawa kazi yake ilikuwa kisu, alikiweka chini. Kukata taya kuliharibu sura na mtoto alikufa vilevile, ilhali dawa ziliponya baadhi yao kabisa.

Alirudi Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na T. L. Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, ambaye alilaumu sukari na unga mweupe kwa magonjwa mengi. Burkitt akatazama nyuma: katika karibu miaka 20 ya kupasua watu Uganda, kidole tumbo, vinyama vya utumbo mpana na saratani yake alivikuta kwa nadra mno. Akaanza kutuma fomu kila mwezi kwa hospitali za misheni za Afrika na Asia, na majibu yakawa yale yale.

Hapo akapima kitu ambacho waungwana hawakitaji mezani. Watu walimezeshwa punje ndogo za plastiki zinazoonekana kwa eksirei, na choo chao kikawekwa kwenye mizani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972: wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, mabaharia wa Uingereza walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa zaidi ya saa 80. Maharage, viazi vitamu na sombe vilikuwa vinafanya kazi ambayo mkate mweupe hauiwezi.

Hakupatia yote. Majaribio mawili makubwa ya Marekani, yaliyotolewa mwaka 2000, hayakuona kwamba kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache kunazuia vinyama kurudi. Lakini mwaka 2015 watafiti waliwachungulia utumbo Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini: karibu nusu ya wale wa kwanza walikutwa na vinyama, hao wa pili hakuna.

Kuchungulia huko ndiko alikokosa Burkitt alipokuwa Mulago. Mwaka 1969 ndipo William Wolff na Hiromi Shinya, mjini New York, walipoanza kuondoa vinyama kwa mrija unaopinda, wenye taa, unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Jirani yangu mmoja, muuza viatu wa Goma, alitibiwa bawasiri mwaka mzima huku damu ikiendelea. Kumbe kilikuwa kinyama cha sentimita tatu, naye akaambiwa tumbo lipasuliwe. Bahati nzuri alipelekwa Kigali kwanza. Kinyama kikubwa hivyo huoshwa na kutazamwa kwa makini, vitundu na mishipa ya juu yake. Kisha hudungwa maji chini yake ili ionekane kama kinainuka. Daktari hakati vipande ovyo vya kupima, maana kovu linalobaki huzuia kazi ya baadaye. Kikiinuka, na uso wake hauonyeshi saratani iliyozama, huondolewa kwa kitanzi cha waya bila kupasua tumbo. Kikigoma kuinuka bila kuwa na kovu la zamani, au kikionyesha kuzama, mara nyingi kisu ndicho sahihi. Cha huyu jirani kiliinuka.

Burkitt alizunguka dunia akihutubia, mara nyingi akiwaonyesha madaktari picha za kinyesi alizopiga vichakani, jambo lililowachekesha kwanza. Kitabu chake cha 1979 kuhusu nyuzinyuzi kilitafsiriwa katika lugha kadhaa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, akiwa na miaka 82.