Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja aliyevuma mbali na kwao

UKIPITA Tabata usiku wa fainali, kuanzia Barakuda hadi Kimanga, utakuta baa zimewasha televisheni na viti vimesogezwa hadi karibu na barabara. Kombe linaponyanyuliwa, mara nyingi hupigwa wimbo ule ule wa Kiingereza wa mabingwa, na hata asiyejua lugha hiyo huinua chupa na kuitikia.

Ni wachache miongoni mwa waitikiaji hao wanaojua kwamba aliyeutunga na kuuimba alizaliwa Unguja, mwendo wa saa mbili hivi kwa boti kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Septemba 5, 1946, mjini Zanzibar, akiwa mtoto wa Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wenye asili ya Gujarat nchini India. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Dini ya nyumbani ilikuwa ile ya kale ya Zoroasta, ambayo wahenga wa Waparsi waliihamishia India kutoka Uajemi karne nyingi zilizopita.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya Mtakatifu Petro, Panchgani, nchini India. Huko alijifunza piano, huko wenzake walianza kumwita Freddie, na huko aliunda bendi yake ya kwanza, The Hectics, pamoja na wanafunzi wenzake wanne.

Alikuwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma ya mbele yakachomoza. Alitaniwa sana kwa ajili hiyo. Hata hivyo, alipokuja kuwa tajiri wa kuweza kumlipa daktari yeyote duniani, alikataa kuyang'oa kwa kuhofia kwamba sauti yake ingeharibika.

Alirejea Unguja mwaka 1963. Desemba 10 mwaka huo Zanzibar ilipata uhuru, na Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Mwaka huo huo akina Bulsara, kama zilivyofanya familia nyingi za Kiasia na Kiarabu, waliacha walichokuwa nacho wakakimbilia Uingereza na kuanza upya Feltham, magharibi mwa London. Kijana alikuwa na miaka 17. Anayetaka kuelewa ni kwa nini katika maisha yake yote alikwepa kuizungumzia Zanzibar, naamini aanzie hapo.

London haikumpokea kwa shangwe. Alisomea sanaa ya uchoraji wa matangazo katika chuo cha Ealing, akapakia mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, na akauza nguo kuukuu katika soko la Kensington; mitumba, kama tunavyoiita sisi. Mwenzake katika biashara hiyo alikuwa mpiga ngoma, Roger Taylor, ambaye pamoja na mpiga gita Brian May walikuwa na bendi iliyoitwa Smile.

Mwimbaji wa Smile alipoondoka mwaka 1970, Freddie alichukua nafasi yake. Ni yeye aliyeipa bendi jina jipya la Queen, na katika kipindi hicho hicho akajipa jina la Mercury. Mwaka 1971 alijiunga John Deacon wa gita la besi, na tangu hapo hadi kifo cha Freddie hakutoka wala kuingia mtu. Wapenzi wa muziki wa dansi, waliozoea wanamuziki wetu kuhama bendi kila msimu, wataona ajabu ya jambo hilo.

Enzi hizo Uingereza ilikuwa imetekwa na roki ya glamu, ya kina Marc Bolan na David Bowie: wanaume wakipanda jukwaani kwa hariri, wanja na viatu vya soli ndefu. Queen waliingia humo kwa miguu yote miwili. Freddie alipaka kucha rangi nyeusi na kuvaa mavazi yaliyobuniwa na Zandra Rhodes. Vijana wa Los Angeles waliochanganya mapambo hayo na gita zito katika miaka ya 1980, kama Mötley Crüe na Poison, walipita katika njia iliyokwisha kufyekwa.

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973 na waandishi wengi wakaibeza. Mwaka uliofuata wimbo Killer Queen ulifika nafasi ya pili Uingereza, lakini mifuko ya wanamuziki ilibaki mitupu, kwa kuwa mkataba wao na kampuni ya Trident uliwaacha na mshahara mdogo na madeni. Mpiga muziki yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kumtumikia mwenye vyombo anaifahamu hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Walijinasua mwaka 1975, na mwishoni mwa mwaka huo wakatoa Bohemian Rhapsody, utunzi wa Freddie wenye urefu wa karibu dakika sita, ukiwa na kipande cha opera katikati. Wakuu wa kampuni ya santuri waliona ni mrefu mno kwa redio. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Ndani yake mna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulijua kabla hajagusa chakula.

Fedha zilipokuja zilileta ugomvi. Upande wa pili wa santuri hiyo ulikuwa na wimbo wa Taylor, na kwa kuwa santuri ni moja, mtunzi wa upande wa pili alilipwa sawa na Freddie. Chuki hiyo ilidumu miaka mingi, hadi mwaka 1989 walipokubaliana kwamba kila wimbo uandikwe jina la bendi. Wimbo wa mabingwa ulitoka mwaka 1977.

Ipo sura moja ambayo msomaji wa Tanzania hawezi kuipita haraka. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana ya makaburu, wakivunja mgomo wa kitamaduni uliotangazwa na Umoja wa Mataifa. Wakati huo Morogoro ilikuwa ikilea na kusomesha watoto wa ANC pale Mazimbu. Bendi ilijitetea kwamba haikuwa ya kisiasa. Umoja wa Mataifa uliiweka katika orodha yake ya aibu, na chama cha wanamuziki wa Uingereza kikaitoza faini. Mtu aliyezaliwa Afrika, tena aliyefukuzwa kwao na siasa, alipaswa kujua zaidi.

Miezi tisa baadaye, Julai 13, 1985, watu wapatao 72,000 walijaa uwanja wa Wembley kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Queen walipewa takriban dakika 20, na wengi husema hakuna aliyewafikia siku hiyo. Onyesho lao la mwisho na Freddie lilikuwa Knebworth, Agosti 9, 1986.

Kisha akagundulika kuwa na virusi vya UKIMWI. Aliendelea kurekodi, ikiwa ni pamoja na albamu ya mwaka 1988 na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, huku akikanusha kwamba anaumwa. Alitoa tamko Novemba 23, 1991, na kesho yake akafariki nyumbani kwake London akiwa na miaka 45. Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Huku kwetu, ambako wagonjwa wa kwanza walitangazwa Kagera mwaka 1983, nyumba ngapi ziliutaja ugonjwa huo kwa jina lake mwaka 1991?

Mazishi yaliendeshwa na makuhani wa Kizoroasta, kwa dini ya wazazi wake. Majivu aliyahifadhi Mary Austin, mchumba wake wa zamani na rafiki yake hadi mwisho, mahali pa siri.

Kwao walikuwa bado hawajaamua wamfanyeje. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe Unguja ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, kikundi cha Uamsho kilipinga vikali, kikisema kwamba mtu aliyeishi na wanaume hawezi kuenziwa katika nchi ya Waislamu, na sherehe ikafutwa. Novemba 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani. Wageni hulipa kiingilio, hutazama picha za mtoto Farrokh, kisha huteremka kwenda Forodhani kula urojo.