MWANAMFALME ALIYEFIA KENYA: MAISHA YA AMEDEO WA AOSTA

Yeyote kati yenu aliyewahi kupanda basi kutoka hapa Garissa kwenda Nairobi anaujua mlima wa Kilimambogo. Ukishapita Mwingi, ukapita Matuu, usingizi umekulemea na shingo inauma, unauona upande wa kushoto umekaa peke yake kama ngamia aliyelala. Wengi wetu tukiuona tunajua tu kwamba Thika imekaribia. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka nilipopewa kazi na chama chetu niandike juu ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Kumbe karibu na mlima ule, mwaka 1941, alifungiwa mtu ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akitawala Ethiopia, Eritrea na Somalia kwa pamoja, na ambaye majeshi yake yalikuwa yamechukua Moyale na kuteremka mpaka Buna, huku kwetu kabisa.

Mtu huyo aliitwa Amedeo, mwanamfalme wa Aosta. Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1898 katika mji wa Turin, Italia. Alikuwa wa ukoo wa Savoia, yaani ukoo wa wafalme, na Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu alikuwa ndugu wa babake kwa upande wa baba zao. Alisomeshwa kwa muda Uingereza, kwa hivyo Kiingereza alikijua vizuri. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Italia mwaka 1915 alijitolea kwenda vitani akiwa na miaka kumi na sita tu. Hebu fikiria, umri wangu mimi ninayeandika haya, ambaye bado natumwa dukani kununua sukari.

Alikuwa mrefu ajabu, karibu mita mbili. Baada ya vita hivyo alifanya jambo ambalo wanawafalme wengi hawalifanyi. Alikwenda Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni kule Kisangani, ambayo siku hizo iliitwa Stanleyville, kama mfanyakazi wa kawaida. Kisha alirudi kwao akasomea sheria, akahitimu mwaka 1924. Mwaka 1927 alimwoa Anne wa Orléans, wakapata mabinti wawili.

Tusisahau pia ami yake, Luigi Amedeo, aliyekuja Somalia akaanzisha mashamba makubwa ya miwa kando ya mto Shabelle, mahali panapoitwa Jowhar. Huyo alifia hukohuko mwaka 1933 na kuzikwa huko. Kwa hivyo ukoo huu ulikuwa umeshaionja Afrika Mashariki zamani.

Kabla ya kuja upande wetu Amedeo alipigana Libya kwa miaka kadhaa, akiwa na askari wa kupanda ngamia jangwani. Hapa msomaji wa Garissa anaweza kumpenda, maana anayeweza kukaa juu ya ngamia wiki nzima si mtu wa mchezo. Lakini tuulize alikuwa akifanya nini juu ya ngamia huyo. Libya ilikuwa nchi ya watu wengine. Waitaliano waliivamia mwaka 1911, na wenyeji walipokataa kutawaliwa walipigwa, wakahamishwa na mifugo yao, wakafungiwa kambini kwa maelfu. Shujaa wao, Omar Mukhtar, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alinyongwa mwaka 1931. Vita hivyo ndivyo vilivyompa Amedeo sifa ya uaskari. Mwaka huohuo babake alifariki na yeye akarithi cheo cha Aosta, kisha akahamia jeshi la anga na kuwa jenerali.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Italia wakati ule ilikuwa chini ya Benito Mussolini, dikteta aliyeshika serikali tangu mwaka 1922. Vyama vingine alivipiga marufuku, magazeti akayafunga mdomo, na akawaahidi watu wake ufalme mkubwa kama wa Warumi wa kale. Ufalme huo ungetoka wapi? Kwa majirani wa makoloni yake, bila shaka. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yaliingia Ethiopia kutoka Eritrea, na mengine yakatoka Somalia chini ya Jenerali Rodolfo Graziani. Ndege zilimwaga gesi ya sumu juu ya askari na juu ya vijiji, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa kuikataza. Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei 1936. Mfalme Haile Selassie alipitia Djibouti akaenda uhamishoni, na mwezi wa Juni akasimama mbele ya Shirika la Mataifa huko Geneva kulalamika. Walimsikiliza, basi, hawakufanya lolote la maana.

Graziani akaachwa kuwa mtawala. Tarehe 19 Februari 1937 vijana wawili, Abraha Deboch na Moges Asgedom, walimrushia makombora ya mkono katika sherehe mjini Addis Ababa, akajeruhiwa. Waitaliano wakalipiza kwa siku tatu. Waliua watu barabarani, wakachoma nyumba zikiwa na wenyewe ndani. Serikali ya Ethiopia ilisema waliokufa walikuwa 30,000, na hata wanahistoria wanaotaja idadi ndogo zaidi wanataja maelfu. Mwezi wa Mei watawa wa Debre Libanos wakapigwa risasi kwa mamia. Wengine wengi walisafirishwa mpaka kambi ya Danane, pwani karibu na Mogadishu, na wengi wao walifia humo kwa maradhi na njaa. Danane haiko mbali na sisi. Kuna watu wengi hapa mjini wenye jamaa Mogadishu ambao hawajawahi kusikia kwamba kambi hiyo ilikuwako.

Hata Mussolini mwenyewe aliona kwamba Graziani anaharibu. Mwisho wa mwaka 1937 akamtoa, akamleta Amedeo, akampa cheo cha makamu wa mfalme katika Afrika ya Mashariki ya Kiitaliano. Na hapa ndipo tulipogombana darasani mpaka kengele ikalia.

Rafiki yangu mmoja alishikilia kwamba Amedeo alikuwa mtawala mwema. Ana sababu zake. Amedeo alijaribu kupunguza ukali wa mtangulizi wake. Alitaka kuzungumza na viongozi wa Ethiopia badala ya kuwanyonga, na wajumbe walitumwa kwa Abebe Aregai, aliyekuwa akipigana milimani Shewa, ili waelewane. Barabara nyingi zilijengwa. Waingereza waliopigana naye walimheshimu, na mpaka leo vitabu vingi vinamwita muungwana. Sikatai hayo. Huenda ukikutana naye angekusalimia vizuri kuliko Graziani.

Lakini mimi nilikuwa na jibu, na nalirudia hapa kwa sababu darasani sikumaliza. Mwezi wa Aprili 1939, Amedeo akiwa mtawala, wapiganaji wa Ethiopia pamoja na wanawake, watoto na majeruhi walikimbilia ndani ya pango kubwa mahali paitwapo Zeret, kaskazini ya Addis Ababa. Waitaliano wakalizingira. Wakatumia gesi ya sumu kuwatoa. Wanaume waliojisalimisha walipangwa wakapigwa risasi. Walikufa watu mamia. Habari hii ilikaa imefunikwa miaka mingi, mpaka watafiti walipoingia pangoni mwaka 2006 wakakuta mifupa ingali pale. Siwezi kusema kwamba Amedeo alishika bunduki. Ila ni nani aliyekuwa mkubwa wa nchi wakati huo? Ni yeye. Tena katika wakati wake sheria za ubaguzi zilizidi. Mwitaliano aliyeishi na mwanamke Mwafrika kama mke wake alifungwa, na mwaka 1940 ikakatazwa hata baba kumkubali mtoto aliyemzaa na Mwafrika. Upole wa mtu mmoja ungewasaidia nini watoto hao?

Rafiki yangu akaniuliza kama Waingereza huku kwetu walikuwa bora. Swali zuri hilo, na sina haraka ya kuwatetea. Eneo letu liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, likafungwa kama boma la mbuzi. Kutoka au kuingia mpaka uwe na kibali. Na mwaka 1925 Uingereza ilichukua Jubaland, pamoja na Kismayu, ikawapa Waitaliano zawadi kwa kuwasaidia katika Vita vya Kwanza, bila kuwauliza wenye ngamia. Familia moja ikajikuta nusu iko chini ya Mwingereza na nusu chini ya Mwitaliano. Kwa hivyo vita vilipokuja, Wasomali walikuwa pande zote mbili. Waitaliano walikuwa na askari Wasomali walioitwa dubat, kwa sababu ya vilemba vyao vyeupe.

Vita vilikuja tarehe 10 Juni 1940, Mussolini alipoungana na Hitler. Amedeo alikuwa na jeshi la watu zaidi ya 250,000, wengi wao Waafrika. Ukisikia hesabu hiyo unadhani angefika Mombasa kwa wiki mbili. Lakini alijua shida yake. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hivyo petroli, matairi na risasi visingeletwa tena. Na wengi wa askari wake walikuwa na kazi ya kuwalinda Waitaliano dhidi ya Waethiopia ambao hawakuacha kupigana hata siku moja. Ukinyakua nyumba ya mtu huwezi kulala ndani yake fofofo.

Hata hivyo alipiga. Ndege zake zilidondosha mabomu Wajir mwezi huohuo wa Juni. Moyale ilizingirwa, mizinga ikalia, na kikosi kidogo cha askari wa KAR kilichokuwa ngomeni kikatoroka usiku kuamkia tarehe 15 Julai. Waitaliano wakafika mpaka Buna. Mwezi wa Agosti wakateka Somalia ya Waingereza yote. Kwa hivyo kwa miezi kadhaa sehemu ya nchi yetu ilikaa chini ya bendera ya Mussolini, jambo ambalo wenzetu wa Nairobi ukiwaambia wanacheka, wanadhani unatunga.

Jibu lilitoka hapahapa. Garissa na Bura, kando ya mto Tana, zilifanywa vituo vya jeshi kubwa la Jenerali Alan Cunningham. Walikuja askari wa KAR, Wanigeria, watu wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, na Wazungu wa Afrika Kusini. Malori, mapipa ya petroli, na zaidi ya yote maji, maana nyie mnajua huku bila maji hakuna ushujaa. Mwezi wa Februari 1941 wakaondoka. Tarehe 14 Kismayu ikaanguka, wakavuka mto Juba, na tarehe 25 Wanigeria wakaingia Mogadishu na kukuta akiba kubwa ya petroli. Moyale nayo ikarudishwa mwezi huohuo. Tarehe 6 Aprili wakawa Addis Ababa. Haile Selassie aliingia mji wake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu utekwe. Nashangaa kwamba kutoka Tana mpaka Addis Ababa walitumia miezi miwili, na sisi wakati wa mvua lori linakwama siku nne karibu na Modogashe.

Amedeo hakukimbilia Italia, hilo tumpe. Alipanda na askari waliobaki katika mlima wa Amba Alagi kule kaskazini, mahali ambapo mwaka 1895 Ras Makonnen, babake Haile Selassie, na wenzake waliwapiga Waitaliano. Wakazingirwa, maji yakaharibika, majeruhi wakajaa mapangoni. Naam, sasa walikuwa wao mapangoni. Mwezi wa Mei akasalimu amri, na Waingereza wakampa heshima za kijeshi wakati wa kushuka. Hakuna aliyewapa watu wa Zeret heshima hizo.

Akaletwa Kenya kwa ndege, akawekwa katika nyumba karibu na Kilimambogo akiwa mateka wa vita. Maelfu ya askari wake waliletwa pia. Hao ndio waliojenga kanisa dogo sana lililoko Mai Mahiu kando ya barabara ya kuteremka Bonde la Ufa. Yeye hakukaa sana. Malaria na kifua kikuu vilimshika, akapelekwa hospitali ya jeshi Nairobi, akafa tarehe 3 Machi 1942, akiwa na miaka 43. Mkewe na mabinti walikuwa mbali, Ulaya.

Alizikwa Nyeri, mji uleule aliozikwa Baden-Powell wa maskauti. Baada ya vita lilijengwa huko kanisa la ukumbusho, na kaburi lake limo ndani, pamoja na ya wanajeshi wa Kiitaliano zaidi ya mia sita. Majina yao yameandikwa ukutani. Rafiki yangu amesema tukienda ziara ya shule upande huo atataka kuliona. Mimi nitaingia naye, lakini bado hatujapatana, na mjadala wa muhula ujao wa chama chetu umeshapewa kichwa hicho. Karibuni Ijumaa baada ya masomo, bwalo la chakula. Upande wake una watu sita, wangu tuko wanne.